Mbio za Sakafuni Huishia Ukingoni

Hapa mtaani Fedha, kijana mwenye mbio akipata mpira, kila mtu hupaza sauti, "Toka nao! Toka nao!" Naye hutoka nao kweli: chenga moja, mbili, goli. Basi nani atamfunza kupasi?

Mimi ni winga, kwa hivyo najisema mwenyewe. Tangu shule ya msingi, beki akija nilikuwa natimua mbio tu. Miguu iliniokoa, macho yakalala. Mwenzangu asiye na mbio hakuwa na njia ila kuinua kichwa mapema na kutoa pasi. Siku hizi mabeki wa sekondari wanakimbia kama mimi. Wakiniziba njia naduwaa, mpira unaenda.

Walimu wetu wa michezo, mtuwie radhi, nanyi mna lenu. Mkitaka ushindi wa leo, mnatuambia, "Wewe kimbia tu."

Tazameni Victor Wanyama, mwana wa Eastlands. Hakusifika kwa mbio, bali kwa kukaa imara katikati ya uwanja. Aliichezea Celtic, Southampton na Tottenham, na mwaka wa 2019 akawa nahodha wa Harambee Stars kule Misri.

Pendekezo langu: siku mbili kwa juma, mazoezini, kila mtu aguse mpira mara mbili tu, kisha autoe. Mwanzoni tutachekwa, najua. Lakini mbio huisha na umri. Jicho la pasi hubaki. Naomba kutoa hoja.