KUNYAMAZA SI JIBU



Mfanyi kazi amestaafu. Anaandika barua kuuliza malipo yake ya uzeeni yamefika wapi. Barua yapokewa, yatiwa katika faili, basi. Miezi yapita. Akienda mwenyewe aambiwa, "Njoo kesho." Nauli yaisha, kesho haifiki.

Twasema wazi: huko si kuzidiwa na kazi, ni dharau. Serikali ikimdai mtu kodi, barua yake haikosi tarehe ya mwisho.

Basi na sisi tuwape tarehe. Katiba ya 2010, kifungu cha 47, yampa kila mtu haki ya kuhudumiwa upesi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaamuru ofisi ya umma imjibu raia aombaye habari katika siku 21. Ikiongeza, ni siku 14, tena mara moja tu. Ikinyamaza, yahesabiwa kuwa imekataa, na malalamiko hupelekwa kwa Ombudsman bila malipo.

Kwa hiyo acheni barua za kuomba huruma. Andikeni: "Kwa Sheria ya 2016 naomba habari za faili langu." Nakala ipigwe muhuri wa ofisi, mkae nayo. Hesabuni siku. Siku ya 22 mleteeni katibu wa tawi, wala msikawie, maana Ombudsman hupewa malalamiko hayo katika siku 30.

Barua moja hupotea. Barua mia zenye muhuri hazipotei.