Kambi za Redio kwa Watoto wa Tura

Kambi za likizo ambamo watoto hufundishwa kuunda redio na saketi, yaani njia za umeme zinazokiwezesha kifaa kufanya kazi, zinastahili kugharimiwa na fedha za umma, na hazistahili kubaki Dar es Salaam na Arusha. Tura, kituo cha Reli ya Kati mashariki mwa Tabora, ambapo misafara ya karne ya 19 iliingia Unyamwezi baada ya kuvuka nyika ya Mgunda Mkali, ni mahali panapofaa kuanzia.

Vijijini redio imekwisha kuwa mwalimu. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza vipindi na kuvijadili, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Lakini kilichokuwa ndani ya redio kiliachiwa fundi. Fundi huyo, ambaye aghalabu alijifunza kwa kukaa karibu na fundi mwingine, huitambua transista iliyoungua na hujua kulehemu, yaani kuunganisha nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa, ingawa huenda hajawahi kusoma kanuni ya Ohm, wakati mwalimu wa fizikia anaijua kanuni hiyo na huenda hajawahi kushika chuma cha kulehemia. Kambi inayowaweka wote wawili kwenye meza moja na watoto ingeupa mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi katika shule za sekondari, ulioanza mwaka 2024, msingi ambao vitabu peke yake haviwezi kuujenga.

Uchaguzi wa kifaa nao una uzito. Redio isiyohitaji betri, inayoundwa kwa koili, dayodi na antena ndefu, hupendwa na walimu, lakini huhitaji kituo chenye nguvu cha masafa ya kati, na vituo vingi vya leo hurusha kwa FM. Mtoto aliyejitahidi akaambulia ukimya atakata tamaa, kwa hiyo ni heri aanze na kipokezi kidogo cha FM. Kurusha mawimbi na kusubiri, kwa sababu kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Pingamizi zito kuliko la gharama ni kwamba likizo imekwisha kumezwa na makambi ya mitihani, na hapo wazazi wanapaswa kuelezwa wazi kwamba mtoto aliyepima volti kwa mkono wake huielewa fizikia kwa kina zaidi. Desemba haifai, kwa kuwa ni msimu wa kupanda. Juni inafaa, mradi kambi iwe ya kutwa na watoto walale kwao.