MANENO MADOGO YAFUATAYO VITENZI

Leo twapenda kunena juu ya jambo ambalo kwa macho ni dogo, walakini limekwisha kutuaibisha wengi. Ni vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na neno dogo, kama "up", "off", "down" na "out", hasa vile vitumiwavyo kutaja jinsi watu wanavyokaa pamoja: kupatana, kukosana, kutembeleana, kustahiana na kudharauliana. Fikira yetu ni hii: asiyevijua aweza kuwa na cheti kizuri cha Kiingereza, na bado akawagombanisha watu wasiokuwa na ugomvi.

Tulishuhudia kisa kimoja wenyewe. Katika ofisi moja, ambayo hatuitaji jina, iliingia barua ya wageni waliotaka kuzungumza na wazee wa vijiji vya ufukoni habari za uvuvi wa usipa. Barua ilisema kwamba mkutano wa Alhamisi ulikuwa "put off". Karani alijua kuwa "put" ni kuweka, na lile "off" hakulijali. Akawapelekea wazee habari kwamba mkutano umewekwa siku ya Alhamisi. Wazee wakaja Mbamba Bay, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu, wakakaa tangu asubuhi hata jua likazama ziwani. Hakuja mtu, kwa kuwa barua ilikuwa imesema kwamba mkutano umeahirishwa.

Baadaye wageni wakaandika barua ya kuomba radhi, wakasema, "We let you down." Karani yule akaisoma mbele ya wazee akiifasiri neno kwa neno: "Tuliwashusha chini." Mzee mmoja akasimama akasema, "Mwanangu, sisi tulikuja kwa miguu yetu na kwa mitumbwi yetu. Ni nani huyo aliyetushusha?" Kulikuwa na manung'uniko makubwa, maana ilikuwa kama kwamba wamevunjiwa heshima mara ya pili, tena kwa barua. Kwa bahati njema alikuwapo mwalimu mstaafu. Akaeleza kwamba wageni wanasema, "Tuliwaangusha, mlitutumaini, nasi hatukutimiza." Wazee wakacheka, neno likaisha. Je, kama mwalimu yule asingalikuwapo?

Hatusemi haya ili kumcheka mwenzetu. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza huko London mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba maneno yaliyoungwa namna hii ndiyo yanayowapa wageni taabu kubwa kupita yote. Na jina lao la darasani, "phrasal verbs", lilienea baada ya kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925. Basi jambo lililowashughulisha wenye lugha yao muda mrefu hivyo si aibu kwetu kulijifunza polepole.

Tena tusidhani kwamba Waingereza peke yao ndio wenye mitego. Mgeni ajifunzaye Kiswahili huambiwa kwamba kupata ni kushika ulichokuwa ukikitafuta. Kisha asikia kwamba Fulani na jirani yake wanapatana. Je, wamepeana nini? Aambiwa kwamba kukosa ni kutokuwa na kitu, kisha asikia kwamba ndugu wawili wamekosana. Na mtu apigaye hodi hampigi mtu. Sisi twabadili maana kwa kuunga herufi mwishoni mwa kitenzi: pata, patana, patanisha. Mwingereza hubadili kwa kuweka neno dogo nyuma yake. Kazi ni moja, ila yetu imeshikamana na neno lenyewe, na yao imesimama mbali kidogo, hata mwenye haraka huiruka. Ajabu nyingine ni hii, kwamba hata yeye hutumia kitenzi cha kupata anaposema watu wanapatana, "get on with".

Sasa tutaje yale yanayotujia mara nyingi. "Look" ni kutazama. Lakini "look after" ni kumtunza mtu, "look into" ni kulichunguza shauri, "look up to" ni kumstahi mtu na kumfanya kielelezo, na "look down on" ni kumdharau. Angalieni, neno moja dogo latenga heshima na dharau. "Stand by" ni kuwa pamoja na mtu katika shida yake, "stand up for" ni kumtetea, walakini "stand up to" ni kumkabili bila woga. Na "stand in for" twakifanya kila mwaka, ndiko kukaimu nafasi ya mwenzako aliyekwenda likizo. "Call on" ni kwenda kumwamkia mtu. "Call off" ni kuufuta mkutano kabisa. Na hii yapita "put off", ambayo ni kuusogeza mbele tu. "Put up" ni kumpa mgeni mahali pa kulala, lakini "put up with" ni kumvumilia mtu au udhia wake. Mwenye kuyachanganya haya mawili atamwandikia mwenyeji wake shukrani kwa kumvumilia, hali alitaka kumshukuru kwa malazi.

Katika Umatengo wazee wetu wanayo desturi ya sengu, ambayo watu wa ukoo hula pamoja kwa mkubwa wao na kuzungumza mambo yao. Tungetaka kumsimulia mgeni habari ya ndugu wawili waliosuluhishwa hapo, Kiingereza chepesi kingekuwa hivi: "They fell out, the elders talked it over, and they made up." Yaani walikosana, wazee wakalizungumza shauri, wakapatana. Neno kwa neno ingekuwa kwamba walianguka nje, wakaongea juu, wakatengeneza juu, maneno ambayo hayana maana kabisa. Tena tahadharini, kwani "make up" ni pia kutunga uongo.

Wenzetu wa Liuli wanao mfano mkubwa zaidi. Wakati wa Wajerumani mahali pale paliitwa Sphinxhafen, na meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Rhoades, ikaja na kuipiga mizinga. Yasimuliwa kwamba Rhoades na nahodha wa Kijerumani, Berndt, walikuwa wakifahamiana sana na kunywa pamoja. Berndt hakuwa amepata habari ya vita, naye akaja katika mashua yake amejaa hasira, akidhani rafiki yake amelewa. Akafanywa mateka. Kwa Kiingereza hatuwezi kusema kwamba wawili hawa walikuwa "fell out", kwa kuwa hawakugombana wao kwa wao. Kilichotokea ni kwamba vita "broke out", yaani vilizuka, na habari haikumfikia mmoja wao. Ndivyo ilivyo hata leo ofisini, kwamba mara nyingi watu huonana wabaya kwa sababu tu habari imefika nusu.

Sasa mtu atauliza, kwa nini sisi tuliosoma tukwame hapa? Sababu twaiona hivi. Shuleni twajifunza Kiingereza cha vitabuni. Karani yule, kama barua ingesema "postpone", angalifahamu mara moja. Maneno ya namna hiyo yalitoka Kilatini na Kifaransa, na mengi yaliingia Kiingereza baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Nayo ndiyo yaliyokaa katika sheria na ofisi. Vitenzi hivi vyenye maneno madogo ni vya jikoni na barazani. Hali kadhalika kwetu, karani huandika "kuahirisha", neno lenye asili ya Kiarabu, na nyanya yake nyumbani asema "kusogeza mbele". Basi twaweza kusoma sheria ya Mwingereza, na tukashindwa kumfahamu anapotukaribisha chai.

Yatupasa kufanya nini? Kwanza, kila mmoja awe na daftari, na kila akutanapo na kitenzi cha namna hii akiandike kizima pamoja na sentensi yake. Asiandike "put" peke yake. Pili, barua yenye kuwahusu watu, isomwe na wawili kabla ya kufasiriwa. Kumwuliza mwenzako ni kazi ya dakika moja, lakini kumtuliza mzee aliyekaa siku nzima juani ni kazi ya mwezi. Tatu, tunapoandika sisi kwa watu wetu, tuandike Kiswahili safi. Hii ndiyo lugha ya kazi za serikali yetu, na sheria ya mwaka 2021 imekifanya pia kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kiingereza kiwe cha kupokelea wageni na maarifa yao.

Neno la nne ni chungu kidogo. Wako miongoni mwetu wanaokitumia Kiingereza kama kiti kirefu, ili wawatazame wazee kwa chini. Humjibu mvuvi au mlima ngolo kwa maneno asiyoyajua, kisha husema kwamba watu wa vijijini ni wazito wa kufahamu. Huko ndiko kule "look down on" tulikokwisha kukutaja. Mwenye kufanya hivyo hata asifahamu "look up to" kwa kamusi elfu, kwa sababu hajaijua kwa moyo.

Watumishi Waafrika waliounda chama chao huko Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, walikutana wapate kuelimishana na kusaidiana. Nasi twatoa shauri kwamba tawi letu litenge jioni moja kila mwezi, wanachama walete barua zilizowatatiza, pasipo kutaja majina, tuzisome pamoja. Walimu wastaafu waalikwe, nao wapewe kiti cha mbele. Anayeona shauri hili halifai na atuandikie sababu zake, nasi tutazitia katika toleo lijalo. Anayeliona linafaa na aje na daftari lake.