Kiisha kupasuliwa kansa ya utumbo: ganglio ngapi zilihesabiwa?

Mgonjwa wa Pweto anaanza kuona damu katika choo. Miezi ya kwanza jamaa inasema ni amiba, ao bilharzia ya ziwa, ao bawasiri, na kusema kweli mara nyingi ni hivyo. Anapewa dawa. Damu inaendelea, mwili unapunguka, kila saa anasikia haja na hakuna kinachotoka. Njo wanauza mbuzi, wanakopa feza, wanapanda gari kupitia Kilwa na Kasomeno hadi Lubumbashi. Kule munganga anaingiza kidole, anagusa kitu kigumu, anakata kipande kidogo cha kupima: kansa ya rektumu, yaani utumbo wa mwisho kabisa. Anapasuliwa. Kiisha jamaa inauliza: “Munganga, mulitosha yote?”

Munganga aliyepasua hawezi kujibu peke yake. Jibu linatoka kwa mwenzake ambaye jamaa haitamuona hata siku moja: yule wa anatomopatolojia, anayekata nyama iliyotoshwa na kuiangalia kwa mikroskopu. Anachotafuta, zaidi ya kansa yenyewe, ni ganglio.

Wote tumeona mtoki unaovimba kwenye kinena mtu akiwa na kidonda mguuni. Ile ni ganglio, tezi inayochuja maji ya mwili na kukamata vijidudu. Kansa ikianza kutoka katika utumbo, mara nyingi inapita njia ileile, na inakamatwa kwanza katika ganglio za jirani. Kwa rektumu, zimefichama ndani ya mafuta yanayoizunguka. Nyingi hazifiki hata milimita 5. Kuzipata ni kazi ya vidole, kisu na uvumilivu.

Zikikutwa safi, ni habari njema. Ikikutwa 1 hadi 3 zenye kansa, wanganga wanaandika N1. 4 ao zaidi, N2. Cuthbert Dukes, munganga wa London, alionyesha tangu mwaka wa 1932 kwamba ganglio zinatabiri nani ataishi. Hesabu za Marekani leo zinasema hivi: kansa ya rektumu ikiwa bado mahali pake, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wanafika miaka 5. Ikiwa imefika kwenye ganglio ao viungo vya karibu, ni karibu 7 kati ya 10. Ikifika mbali, kama kwenye ini, hawafiki 2. Ni hesabu za nchi yenye dawa na mashine. Kwetu tusizichukue vile zilivyo.

Sasa shida iko hapa. Karatasi inasema: “ganglio zote ni safi.” Vizuri, lakini ni ngapi? Kama waliangalia 3 tu, pengine ya 4 ndiyo ilikuwa na kansa. Tangu mwaka wa 1990 wataalamu walipendekeza kuangalia zisizopungua 12. Mgonjwa aliyepewa mionzi mbele ya operesheni anaweza kuwa na chache, sababu mionzi inazinywesha. Pale hesabu ndogo si kosa la mtu. Kwa wengine, hesabu ndogo inaweza kuwa dalili kwamba mafuta hayakutoshwa yote ao hayakutafutwa vizuri. Munganga Bill Heald wa Uingereza alieleza mwaka wa 1982 namna ya kutosha rektumu pamoja na mfuko wake wa mafuta bila kuupasua, na kansa kurudia palepale kukapunguka sana.

Na kuna chupa. Nyama iliyotoshwa inapaswa kuingia haraka ndani ya formoli ya asilimia 10, formoli nyingi, karibu mara 10 ya ukubwa wa nyama. Si alkoli, si maji ya chumvi, si sashe kavu. Wanganga wa anatomopatolojia ni wachache sana katika Kongo nzima, kwa hiyo chupa inaweza kusafiri, na wakati mwingine ni jamaa yenyewe inaibeba na kulipa. Feza zikiisha kwa operesheni, chupa inabakia kwenye kabati. Mimi naona hapo njo tunapoteza watu: dawa za kemoterapi kiisha operesheni zinafaa kuanza katika majuma 8 hivi, na bila karatasi munganga anakisia tu.

Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, aliandika mwaka wa 1971 kwamba kansa hii ni haba Afrika juu ya chakula chetu chenye nyuzinyuzi. Nafikiri ile habari ilikaa kichwani mwa wengi kupita kiasi. Munganga asiyeitazamia kansa hatumii kidole.

Mashine za mionzi nazo ni taabu. Ziko chache sana nchini, na watu wa upande wetu wanasikia zaidi habari za Lusaka, ambako hospitali ya kansa ilifunguliwa rasmi mwaka wa 2007. Utafiti PROSPECT, uliotolewa mwaka wa 2023 na wagonjwa zaidi ya 1,100 wa Marekani, Kanada na Uswisi, ulionyesha kwamba kwa kansa ambayo haijaendelea sana, kemoterapi mbele ya operesheni inaweza kuchukua nafasi ya mionzi kwa wagonjwa wengi. Lakini wale walichaguliwa kwa picha nzuri, hasa za IRM. Mutu wa Pweto asiseme tu “mionzi haina kazi tena.”

Jamaa inayokwenda Lubumbashi iulize bei ya anatomopatolojia siku ileile inapouliza bei ya operesheni, na iweke ile feza pembeni. Iulize nani atapeleka chupa, na wapi. Karatasi ikitoka, tafuteni namba mbili: ganglio zilizoangaliwa, na zilizokutwa na kansa. Chukueni kopi, iwekeni ndani ya plastiki, sababu munganga atakayemufuata mgonjwa huku Pweto ataomba ile karatasi kwanza.