Kadi ya Dar es Salaam Haipigi Kura Bunda

Ndugu wanachama, yako maneno yanayosemwa kwamba kijana wa chuo kikuu hajali kura. Mimi nakataa. Tazameni yaliyotokea mwaka 2010. Vijana wetu wengi walijiandikisha kule kule vyuoni. Uchaguzi ukafanywa tarehe 31 Oktoba, na vyuo bado vimefungwa. Kijana yuko kwao Bunda, jina lake liko kituoni Dar es Salaam. Nauli ataitoa wapi? Wakakaa majumbani na kadi zao mifukoni, wakiwatazama wenzao wanapanga foleni.

Hilo si jambo dogo. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mkoloni aliweka masharti: mpiga kura awe na elimu, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo. Mkulima akafungiwa nje, mwenye shule akafunguliwa. Leo mlango u wazi kwa kila raia wa miaka 18, naye msomi ndiye anayebaki nje, kwa sababu ya kalenda!

Basi mwanafunzi ajiulize mapema: siku ya kura nitakuwa wapi? Kama ni likizo, ajiandikishe kwao, au ahamishe taarifa zake Daftari la Kudumu linapoboreshwa. Akingoja kampeni amechelewa. Nanyi wazee wa Musoma na Butiama, waandikishaji wakifika katani, mpigieni mtoto simu. Nauli ikipungua, changeni. Wakuu wa vyuo nao waulizwe hadharani: mwaka 2030 mtafungua lini?