"Mwacheni, Ni Demu Wake!"

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune. Jamani, sijui wahenga walikuwa wanafikiria ugomvi gani, ila nina hakika haukuwa wa kijana anayempiga mpenzi wake kwenye ngazi za hosteli saa tano usiku, huku korido nzima imefunga milango.

Wapenzi wasomaji, mwezi huu sizungumzi na anayepiga wala anayepigwa. Nazungumza na sisi wa korido.

Kisa nimekipata hapa Same, kwa binti wa dada yangu aliyekuja likizo kutoka chuo (chuo gani, sisemi). Anasema kelele zilipoanza, milango ilifunguka kidogo, watu wakachungulia, wakaonana wanavyochungulia, wakafunga. Kila mmoja aliona mwenzake hana wasiwasi, naye akajiambia basi hakuna la kutisha. "Anko, kuna mmoja alisema kabisa: mwacheni, ni demu wake."

Neno hilo limenikaa rohoni. Mwaka 1976, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Shotland na Straw, waliigiza mbele ya wanafunzi wa chuo mwanamume akimshambulia mwanamke. Mwanamke alipopiga kelele kwamba hamjui mtu huyo, asilimia 65 ya wanafunzi waliingilia. Aliposema hajui hata kwa nini aliolewa naye, walioingilia walikuwa asilimia 19 tu. Shambulio ni lile lile! Kilichoongezeka ni ndoa, tena ya kuigiza.

Halafu kuna suala la wingi. Mwaka 1968, Darley na Latané waliwafanya wanafunzi wa New York waamini kwamba mwenzao kashikwa na kifafa chumba kingine. Waliodhani wanamsikia peke yao, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31. Na waliobaki vitini hawakuwa makatili hata kidogo. Wengi walikutwa wanatetemeka, viganja vimeloa jasho, wanauliza kama mgonjwa amehudumiwa. Walikuwa wanangoja mwenye jukumu atokee.

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulikuwa na Mzee Punch, yaani maandishi na michoro ya ukutani isiyo na jina la mwandishi, iliyowadhalilisha hasa wanafunzi wa kike. Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliandamwa kwa mtindo huo mpaka akajiua, Februari 1990. Waliokuwa wanaandika ni wachache. Waliokuwa wanasoma, wanacheka au wanapita kimya, ndio waliokuwa wengi, na kuonekana karibu na aliyeandikwa kulikuwa ni kujitafutia zamu yako. Leo ukuta umehamia kwenye simu, kwenye magrupu ya WhatsApp, na idadi ya wanaotazama imeongezeka.

Wapare wenzangu hupenda kusema haya ni ya mjini, sisi milimani tuna msaragambo. Ni kweli, ila nusu. Siku ya msaragambo wa kusafisha mfereji au kutoa matope kwenye ndiva, kila nyumba inajulikana, na asiyefika ataulizwa. Huwezi kujificha nyuma ya "wengine watafanya." Lakini usiku, mume akimpiga mke, milima hiyo hiyo inaziba masikio, na asubuhi watu wanasalimiana kana kwamba hakuna kilichotokea. Mfereji ni wetu sote, mke ni wa mtu! Mimi hapo nakataa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Sasa demu wa hosteli ambaye hata mahari hujapeleka?

Turudi koridoni. Binti yetu hakupiga kelele ya "jamani, saidieni", maana hiyo ni ya kila mtu, na ya kila mtu haina mwenyewe. Aligonga mlango wa jirani akamwita kwa jina: wewe, kimbia kamwite mlinzi. Akagonga wa pili: wewe, njoo tusimame wote. Wakasimama watatu pale ngazini, mbali kidogo, wakamwita yule dada aje kwao. Hawakumgusa kijana. Alitukana weee, kisha akaondoka. Nilipomuuliza kafundishwa na nani, alinicheka: "Anko, mbona Babu ndivyo anavyogawa mfereji? Kila mtu na kipande chake."

Na mambo si mabaya kama unavyodhani. Mwaka 2019 watafiti walichapisha walichokiona kwenye kamera za mitaani za Amsterdam, Lancaster na Cape Town: ugomvi 219, na katika 9 kati ya 10 alijitokeza angalau mtu mmoja kusaidia. Kumbe akianza mmoja, wengine wapo.

Kwa hiyo, wewe mwenye mpenzi wako mnaoishi kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita: mnazo namba za majirani? Kaeni leo mkubaliane, kelele zikianza, nani anapiga simu polisi na nani anagonga mlango, hata kwa kisingizio cha kuomba chumvi. Mwenye panga usimsogelee, waachie polisi. Kesho yake mtafute dada huyo akiwa peke yake, siyo mbele ya bwana, umuulize hali. Akitaka kwenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, msindikize, maana kituoni peke yako ni pagumu.

Barua zenu nazisubiri, hasa za akina kaka. Tuonane mwezi ujao.