Mgaagaa na mto hali ugali mkavu

Wahenga wa pwani walinena kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Sisi wa bara hatuna upwa, lakini mito tunayo tele. Ajabu ni kwamba kila Jumapili familia nyingi kutoka Nairobi na Thika hupita Kenol mbio mbio, zikavuka Maragua au Sagana bila hata kutupa jicho majini.

Mpenzi msomaji, ikiwa unataka kuvua, jua kwanza kuwa kila samaki ana maji yake. Huko juu, mito kama Mathioya, Gura na Thego inapoteremka kutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, kuna trauti. Huyu si mwenyeji. Mayai yake yaliletwa na Ewart Grogan kutoka Scotland mwaka wa 1905, yakatiwa katika mto Gura. Hupenda maji baridi, maangavu na yaendayo kasi. Huku chini, kuanzia Sagana hadi bwawa la Masinga lililokamilika mwaka wa 1981, maji yana joto na wenyeji ni kambare na tilapia.

Ukifika mtoni, usitupe ndoana popote. Samaki hapendi kupigana na mkondo mchana kutwa. Hujibanza nyuma ya jiwe kubwa, chini ya maporomoko, au kandoni penye kivuli cha miti, akingoja maji yamletee chakula. Hapo ndipo pa kutupa chambo, asubuhi na mapema au jua linapotua. Mvua ikinyesha na mto ukageuka rangi ya udongo, rudi nyumbani, kwani samaki hakioni chambo chako. Ukiwa mgeni, waulize wavulana wachungao ng'ombe. Hao wanajua kila kidimbwi.

Usisahau leseni. Ulizia katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu, na ndani ya mbuga ya Aberdare au ya Mlima Kenya pata idhini ya shirika la KWS. Wanaotumia sumu au vyandarua vya mbu huua hata vifaranga, na mwaka unaofuata mto huwa mtupu.

Sasa neno kwa wazazi. Mito hii huua. Mvua ikinyesha mlimani, maji yaweza kufurika ghafla huku chini hali jua linawaka. Mkiona maji yameanza kuchafuka na kubeba majani na vijiti, tokeni mara moja. Msingoje kukusanya vyombo. Mtoto mdogo awe mahali mkono wako unapomfikia. Masinga nako kuna mamba na viboko, basi mtoto asichezee ukingoni kabisa.

Kwa wanaoanza, bwawa la mfugaji ni afadhali kuliko mto. Ufugaji wa samaki si mgeni hapa. Vituo vya serikali vya Sagana na Kiganjo vilianzishwa mwaka wa 1948. Piga hodi kwa mwenye bwawa, mwelewane bei, na watoto wajifunze kungoja.

Na nyanya akikumbusha kwamba zamani Wakikuyu hawakula samaki, usibishane naye. Mkaangie mmoja, umwekee ugali kando, kisha unyamaze.